Kaburi la Mti Mmoja

Bisha ukipenda, lakini Jumanne nilimwona ofisa mwenye muhuri akichanganyikiwa mbele ya bibi asiyejua kusoma. Ilikuwa ofisi ya kata, Mabawe. Barabara inapanuliwa, na makaburi yaliyo njiani yanaandikishwa kisheria. Lililoandikwa litahamishwa kwa heshima, lisiloandikwa litapitiwa na greda.

"Shikamoo, bibi. Kaburi la mzee wako lina alama gani?"

"Marahaba, mwanangu. Mti wa mpaka, ule tunaopanda hata makaburini, uko kichwani."

"Mti mmoja ni mpaka wa shamba, bibi. Kaburi huwa na miwili, kichwani na miguuni."

"Ilikuwa miwili."

"Wa pili umekwenda wapi? Umetembea?"

Bibi akafungua viganja, akavitazama kana kwamba mti umo humo. Ofisa akaandika "kaburi", akakata, akaandika "mpaka", akakata tena.

Mimi, jirani wa bibi, niliacha shule darasa la sita, ila kwa maneno simwogopi hata hakimu. Nikadakia, "Mkuu, sheria inalinda maiti au miti?"

Watu wakacheka. Ofisa akakuna kichwa kwa muhuri, akamwambia bibi arudi Ijumaa na shahidi aliyeuona mti wa pili. Bibi akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumtetea.

Tangu siku ile najisifu kijiji kizima. Ila sijamwambia mtu kwamba mti wa miguuni niliung'oa mimi mwaka jana, nikaupanda mpakani kwangu. Umeshika vizuri sana. Na Ijumaa ni kesho.