Mume Wangu Anajiita Kipa wa Ufipa, na Kipa Ni Mimi

Admin, hii iweke hewani ila jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi Sumbawanga mjini, nimeolewa kanisani na nina binti mmoja yuko sekondari. Naandika kwa hasira, mkikuta makosa mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bidhaa za nje zikimiminika kupitia Tunduma, mjomba wangu alileta televisheni na mashine ya gemu akafungua kibanda karibu na stendi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne sina pa kwenda, akanipa nikisimamie. Asubuhi wateja hakuna, baridi ya kwetu mnaijua, najifunika kitenge juu ya sweta nacheza peke yangu. Baada ya mwaka hakuna kijana pale mjini aliyeweza kunifunga kwenye gemu ya mpira. Wakifungwa wanasema pedi ya kuchezea mbovu.

Kisha ikafunguliwa kafe ya intaneti, na mhudumu wake ndiye huyu mume wangu. Alinionyesha jukwaa la Waswahili wapenda gemu, watu wa Dar, Mwanza, Tanga, hadi Mombasa. Nikajiunga kwa jina la Kipa wa Ufipa, maana Ufipa ndiyo huku kwetu. Kuchapa nilikuwa sijui, kwa hiyo siku za mwanzo mimi nasema yeye anachapa, na neno la siri akalijua. Jamani, tulibishana pale! Niliandika kwamba anayechagua timu kali kila siku hajui mpira, anajua kuchagua tu. Nilieleza namna ya kumzuia yule anayekimbilia kona ile ile ya boksi na kupiga shuti lisilodakika. Watu walinakili maelezo yangu wakayabandika kwenye vibanda vyao. Wote walidhani mimi mwanaume, na niliwaacha wadhani hivyo, maana dada mmoja aliyejitambulisha walimtukana mpaka akaondoka.

Mtu mmoja tu nilimwambia ukweli, anajiita Winga wa Tanga. Akanijibu, "Hata mimi mwanamke, shoga yangu. Tulia." Mama yangu alipofariki nilienda kumzika kijijini Milepa, na niliporudi nikakuta Winga ameniandikia ujumbe mrefu kila siku niliyokuwa msibani. Mimi sina dada. Aliyenifuta machozi ni mtu ambaye sikuwahi kumwona sura. Halafu ghafla akanyamaza. Niliandika, nikaandika tena, kimya. Nikaolewa, nikapata mimba, jukwaa lenyewe likaja kufungwa. Nikasema basi, kanichoka.

Mwezi uliopita ukurasa mmoja wa vijana wa gemu ukarusha video ya kuhoji wakongwe. Nani nimwone? Mume wangu, amekaa kwenye kochi letu! Walimrekodi nikiwa Muze nimefuata mchele wa biashara. Anasema, "Kipa wa Ufipa ndiye mimi." Na maneno yangu anayatiririsha yote, ya timu kali, ya kona ya boksi, kama aliyazaa yeye. Wakamuuliza kama mkewe naye anacheza. Akacheka. "Huyo? Hajui hata pedi inashikwaje." Binti yangu ameweka kipande hicho kwenye status yake, kwa fahari.

Chini ya video mtu akaandika: "Kipa ninayemfahamu ni mwanamke. Alimzika mama yake Milepa. Huyu baba ni nani, na yeye yuko wapi?" Nilikaa chini, kwenye sakafu. Ni Winga! Vijana wakamrukia. "Bibi kanywe dawa." "Shangazi anatafuta kiki." Yeye akajibu kwa upole kwamba Kipa alimwandikia asimtafute tena, kwamba anamchosha kwa huruma yake ya kinafiki, kwamba aliumia akaacha kuingia jukwaani, na kwamba hata hivyo anataka tu kujua kama yuko hai.

Mimi sijawahi kuandika maneno hayo maishani mwangu.

Nilimkuta mume wangu uani anapiga viatu rangi, anajiandaa kwenda jumuiya ya kanisa, maana ndiye mwenyekiti wetu. Nikamuuliza, "Baba Neema, Winga ulimwandikia wewe?" (Neema si jina halisi la binti yetu.)

Hakukana. "Ulikuwa kila siku na huyo mtu wako kwenye kompyuta, na ndoa ilikuwa imekaribia. Ningejuaje kama ni mwanamke?"

"Ulikuwa unasoma barua zetu. Ulijua."

Akaendelea na viatu. Kisha akasema, "Mama Neema, yale mambo ya kitoto. Nani alikuwa anakuchapia? Ukinivua nguo mbele ya mtoto na jumuiya nzima utapata nini?"

Ya kitoto! Kama ni ya kitoto mbona umeyaiba, na kwenye kamera ukakaa ukatabasamu? Alininyang'anya rafiki nikiwa na msiba wa mama, akafuta alichoandika, akanioa, na miaka yote hii akiniona nimenuna anauliza nina nini. Wifi yangu ananiambia nimwache mwanaume ajidai, ni jina tu. Ningeliacha jina. Winga siwezi kumwacha. Mama wa watu anatukanwa kila siku na watoto wadogo kwa sababu anasema kweli kuhusu mimi, na mimi nasoma nimenyamaza.

Nikijibu pale hadharani, binti yangu atajua baba yake ni mwongo, tena atajua pamoja na shule nzima. Nikimwandikia Winga kwa siri, watoto wale wataendelea kumwita kichaa. Jana ameandika tena: "Kama umekufa, ndugu zako waniambie nikuombee." Nimeandika "Nipo" mara nne, nimefuta mara nne. Ndugu zangu, msinionee haya, semeni kama mlivyoona: nijibu wapi, na huyu mwanaume nimfanye nini?