Fundi wa Majeneza Atafuta Wathraki

Akimtazama mtu zaidi ya sekunde mbili, mtu huyo huhisi anapimwa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Futi Sita, ingawa mwenyewe alikuwa mfupi. Alichonga majeneza, mkewe alikuwa mkunga. Mkewe akipita barabarani, kina mama walimkimbilia kumwonyesha watoto wao. Futi Sita akipita, wagonjwa walisimama wima na kutangaza kwamba wamepata nafuu.

Siku moja alikuwa akifuta brashi ya vanishi kwa ukurasa wa gazeti kuukuu, macho yakanasa mistari michache. Ilisema kwamba Wathraki wa kale, waliokaa kusini-mashariki mwa Ulaya, walimlilia mtoto akizaliwa na kushangilia mtu akifa. Hapo karatasi ilikuwa imechanika. Futi Sita akaketi juu ya jeneza la mteja. Miaka thelathini na moja kazini, hakuwahi kupokewa popote kwa shangwe. Kumbe kulikuwa na watu ambao wangempigia vigelegele!

Mchana akamsomea mkewe.

"Baba watoto, hilo ni gazeti au tambara la vanishi?" mkewe akauliza. "Nimezalisha mpaka nimesahau hesabu. Hakuna watu wenye akili zao wanaomlilia mtoto. Niletee kitabu."

Futi Sita akaenda maktaba. Mkutubi alipomwona mlangoni akashika kifua.

"Fundi! Nani kafa?"

"Hakuna. Natafuta Wathraki."

"Wamekufa?"

"Zamani sana."

Mkutubi akashusha pumzi, akaanza kazi. Alitafuta kwenye historia, kwenye jiografia, na kwa kuwa alisikia vibaya, kwenye matrekta. Mwishowe akakumbuka ensaiklopidia. Juzuu zote zilikuwepo isipokuwa ya herufi T, ndiyo yenye Thrakia. Kadi ilionyesha imeazimwa na mwalimu mstaafu wa historia, miaka tisa iliyopita.

Kesho yake fundi akaenda kubisha kwa mwalimu. Hakujua kwamba mwalimu alikuwa kitandani kwa mafua siku ya tatu. Mzee alichungulia dirishani, akamwona Futi Sita barazani, futi kamba ikining'inia mfukoni. Pazia likafungwa upesi.

"Nani kakutuma?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Maktaba, Mwalimu."

"Maktaba imeanza lini kuagiza majeneza?"

"Sikuleta jeneza, nimefuata kitabu."

"Ni mafua tu haya! Mwambie mwanangu asiwe na haraka!"

"Mwalimu, nataka kuwajua Wathraki."

Mara komeo likavutwa. Tangu astaafu, hakuna aliyewahi kupiga hodi kwake kuulizia historia. Mwalimu akatokea amejifunga blanketi, macho yanang'aa, akamvuta mgeni ndani kwa mkono.

Wakasoma saa mbili nzima. Mwalimu alisahau hata kukohoa.

"Sikiliza, Fundi. Hawa hawakutuachia vitabu vyao. Tunayoyajua yametoka kwa majirani zao Wagiriki, na makaburini mwao. Mkubwa alizikwa na farasi wake, na vikombe vya dhahabu. Wachimbaji wanafungua kaburi, wanasoma humo."

Futi Sita akafikiri. "Fundi aliyejenga hayo makaburi anatajwa jina?"

"Hatajwi."

"Hapo wamekosea," akasema kwa uchungu wa kweli.

Jioni wakaenda wote wawili na kitabu kwa mkunga. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akatua kidole.

"Hapa wanasema waliomlilia mtoto ni kabila moja tu kati yao. Na aliyeandika ni jirani. Mtu akitaka kunijua mimi, akamuulize jirani?"

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikarudi. "Shemeji, wewe ungefaa kufundisha historia! Hilo ndilo swali la kwanza: nani kasema, na alijuaje?"

Futi Sita alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimrudia mwalimu, na kwa msaada wa kompyuta ya mkutubi wakapata anwani ya makumbusho ya mbali yenye vitu vya Wathraki. Wakaandika barua. Chini, fundi akatia sahihi: "Mtaalamu wa maziko."

Baada ya miezi minne tarishi akaleta kifurushi. Mkewe alikipokea, akasoma anwani mara mbili, palipoandikwa "Kwa Daktari, Mtaalamu wa Maziko", akageukia karakana.

"Daktari!" akaita. "Daktari, njoo utie sahihi!"

Futi Sita akatoka na unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Alitia sahihi polepole sana, ili tarishi aone vizuri.

Ndani mlikuwa na kitabu cha picha. Wakakifungua pamoja kwenye benchi. Katika picha moja, iliyochorwa ndani ya kaburi, mume na mke walikuwa wameketi kwenye karamu, wameshikana mikono.

"Hawa wameelewana," mkewe akasema.

"Labda mume hakuwa na kazi kama yangu."

"Au mke siku hiyo hakuitwa kuzalisha." Akamsogelea, akamfuta unga kwenye nyusi kwa ncha ya kanga. "Hebu funua ukurasa mwingine, nione hao farasi."