Kilindo cha Mama Nelly

Ukimwomba Mama Nelly chumvi, alikupa. Ukimwomba kaa la moto, alikupa na kuni juu yake. Lakini ukimwomba mbegu ya mpunga alikutazama kama umemwomba jino. Jina lake la ubatizo lilikuwa Bernadetha, ila pale Namawala hakuna aliyelitumia isipokuwa katekista, na yeye ni Jumapili tu. Nyumba zetu zilitazamana, kwa hiyo niliujua wema wake na ubishi wake, na ubishi ndio uliokuwa mwingi.

Mbegu yake aliiweka kwenye kilindo, chombo cha gome la mti alichoachiwa na mama yake. Kilikaa darini juu ya mafiga, kikipigwa moshi mwaka mzima ili wadudu wasiingie, mpaka kikawa cheusi tititi. Mumewe, wakati yuko hai, alipata wageni siku moja akaomba mpunga ule upikwe. Mama Nelly akavuka uwanja akaja kukopa mchele kwangu, na kwake kilindo kimejaa!

"Mbegu si chakula, Mama Jofrey," aliniambia nilipomcheka. "Hilo ni shamba limelala."

Kila mwaka aliigawa sehemu mbili, kama wazee walivyofanya. Nusu aliimwaga kwenye vumbi kabla ya mvua, ili mvua iikute ardhini. Nusu aliirudisha darini, angoje aone msimu unaelekea wapi. Mwishoni mwa mwaka tisini na sita mvua ikaja mara moja tu, ya kutudanganya. Mpunga ukachomoza, ukatuchekea siku chache, jua likaumaliza. Baada ya hapo tulikuwa tunatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa watu wengine.

Wengi tulikula mbegu zetu, na mimi nilikuwa wa mbele. Mwenye njaa hana miiko. Watu wakaanza kuhama: mwenye ndugu Chita alikwenda Chita, mwenye nguvu alikwenda Kidatu kutafuta kibarua kwenye miwa. Wafugaji wa Kisukuma waliofuata majani bondeni walibaki na fimbo mkononi, ng'ombe hawapo. Tuliambiwa mahindi ya msaada yamefika Ifakara. Tulipofika tulikuta watu wengi na magunia matupu, tukarudi kwa miguu huku tukigombana njia nzima, kwa sababu njaa ikizidi hata rafiki yako anakukera kwa kupumua.

Nilimwambia Mama Nelly tuondoke, na binti yake Nelly tumchukue, maana alikuwa na mtoto mchanga, Omega, aliyenyonya ziwa lisilo na kitu.

"Mvua ikinyesha nikiwa Kidatu, nani atapanda?" akaniuliza.

"Basi twanga hiyo mbegu, mwanao ale, maziwa yatoke!"

"Nikiitwanga leo, mwakani Omega atakula nini? Maneno yako?"

Nilikasirika, nikaenda zangu. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na mtoto alikuwa analia.

Asubuhi moja nikamwona anatoka msituni na jembe, kikapu kichwani kimejaa ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, na kina sumu. Wazee wetu walikila miaka ya njaa, lakini kwa utaratibu: unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye kikapu na kukigandamiza kwa jiwe ndani ya kijito, maji yapite juu yake siku tatu yakiondoka na sumu. Ndipo unaanika na kutwanga. Mama Nelly aliujua utaratibu huo kama alivyoijua rozari. Alikuwa ameamua kula ndiga ili kilindo kisiguswe.

Nilimfuata kijitoni. Kijito chenyewe kilikuwa kimekatika, limebaki dimbwi la kijani lenye viluwiluwi.

"Mama Nelly, maji haya hayatembei."

"Maji ni maji. Nitaziongezea siku moja."

"Sumu itakwenda wapi? Si itabaki humo humo?"

"Basi nionyeshe wewe mto unaotembea," akasema, wala hakuwa ananitania. Nilitazama juu na chini ya kile kijito. Kokoto tupu. Sikuwa na mto wa kumwonyesha.

Ndiga huonjwa kwanza na mkubwa wa nyumba. Anaonja kidogo, anangoja jua lifike utosini, akiwa mzima ndipo wengine wanakula. Mama Nelly alionja, akakaa mlangoni kungoja. Nelly ananiambia mama yake alisema, "Si chungu." Kisha akaonja tena. Kisha tena. Alikuwa na njaa, yule mama. Miezi yote ile alikuwa anajifanya ameshiba ili Nelly ale, na siku hiyo mkono haukumsikiliza.

Kabla ya adhuhuri alikuwa anapepesuka na kuongea na mumewe aliyekufa zamani. Tulimfunga kwenye baiskeli kwa kanga, vijana wawili wakaisukuma kuelekea hospitali Ifakara. Hawakufika mbali, wakarudi wanaisukuma polepole, nasi tukajua. Nelly hakuonja hata kipande. Mama alimwokoa kwa kuonja kwanza, na kuonja huko huko ndiko kulikomwua.

Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali. Vijana walichimba kaburi tangu alfajiri, jembe moja likavunjika mpini, wakapumzika, wakachimba tena. Hawakuwa wametia kitu tumboni. Na kwetu waliochimba kaburi hunawa, wakala, ndipo wakaondoka. Hawaagwi wakiwa na njaa. Kuwaaga wachimbaji wakiwa na njaa ni kumtukana marehemu mwenyewe.

Mwaka mzuri, majirani tungeleta unga, mchele, kuku. Siku ile tulileta vilio. Stanislaus, kaka wa marehemu, aliyetembea kutoka Chita, alizunguka nyumba nzima akitafuta cha kupika. Mwishowe akasimama chini ya dari, akanyanyua macho.

"Mjomba, hapana," Nelly akasema.

"Mwanangu, wale wamepasua mwamba kwa ajili ya mama yako. Wanaondokaje?"

Mimi sikuvumilia. "Stanislaus, mwenzio amekufa kwa ajili ya kilindo hicho!"

"Najua, Mama Jofrey." Sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Basi leta wewe chako tupike."

Sikuwa nacho. Hakuna aliyekuwa nacho. Stanislaus alikishusha kilindo huku analia waziwazi, mtu mzima yule, akanipa mimi, kwa sababu Nelly asingeweza. Nikaitwanga mbegu yote. Nilitwanga kwa hasira, mchi unapiga kama nagombana na mtu, na kila pigo nilikuwa naiona nusu ya shamba la Mama Nelly inageuka pumba. Nikapepeta. Mchele ukatoka mweupe, mrefu, ukinukia hata kabla ya moto.

Walikula wachimbaji, wakala wazee, Nelly akalazimishwa tonge mbili kwa ajili ya mtoto. Mimi nami nilikula. Ulikuwa mtamu, na hadi leo, hapa Kidatu tunapoishi na Nelly kwa vibarua vya miwa, sijakula wali kama ule.

Miongoni mwa wachimbaji alikuwapo Viktor, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alifika bondeni na ng'ombe wengi, wakafa wote. Alikuwa mgeni, hakujua habari za darini. Alipomaliza kula alinawa, akaja pale tulipokaa wanawake mkekani, akachuchumaa kwa adabu.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni na msiba." Alikuwa anaona haya. "Samahani. Mpunga huu ni mzuri sana. Mifugo sina tena, nataka nami nijaribu kulima kama ninyi. Mvua ikinyesha, naomba mnipe mbegu yake, hata kiganja kimoja."

Nelly akanyanyuka na Omega mgongoni, akaingia ndani, akatoka na kilindo. Akakiinamisha juu ya kiganja cha yule kijana, akakigonga kitako mara moja, mara mbili. Yakatoka masizi matupu.