Watoto wa Tausi Niliowaahidi Kabla Hawajazaliwa

Nakumbuka walivyosema, na baadhi yao bado wako hai, wakisoma hapa watajijua. Walisema mtoto wa Kinubi, aliyekulia nyumba ya Kiislamu ambamo mbwa akipita uani ndoo ya maji inamwagwa na kujazwa upya, hataweza biashara ya mbwa. Walisema nimerudi kutoka Ghuba na jua la kule kichwani. Pale Jinja, Uganda, kwenye kibaraza cha fundi saa jirani na msikiti, mmoja niliyesoma naye alisema mbele ya watu: "Huyu atanawa mara saba, mara saba, mpaka sabuni iishe madukani, na mbwa hata mmoja hatauza." Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaapa.

Mwanangu, wewe uliyeniandikia kutoka Nakaloke, umeniuliza kama jike wako umpandishe tena, kwa kuwa ameingia joto, watoto wake wa kwanza wameshaachishwa ziwa, na wateja wanakupigia simu kila siku. Ulitaka jibu fupi. Jibu fupi ni hapana. Lakini najua hapana tupu haimzuii kijana mwenye wateja. Mimi pia niliambiwa hapana, tena mlangoni, nikageuza gari nikaenda kwingine.

Ujue kwanza anayekujibu ni nani. Mimi sikurithi hata jembe. Nililinda maghala ya watu Ghuba, nikitembea na mbwa wakubwa kuliko ndama kwenye joto ambalo wewe usingelistahimili hata robo saa. Fedha ile niliipeleka chuoni Kenya, nikasomea diploma ya afya ya wanyama na kujilipia ada mwenyewe, wakati wenzangu wakilipiwa na wajomba. Cheti kiko ukutani sebuleni kwangu, ukija utakiona. Nilinunua kiwanja Masese, juu kidogo ya mwalo, pale wavuvi wa ziwani wanaposhushia samaki, nikajenga banda kwa mikono hii. Na nilimnunua Tausi.

Tausi alikuwa jike wa aina ile ya Kijerumani, masikio wima, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya mchanga. Nilimtoa Nairobi akiwa mdogo, nikamvusha Malaba mapajani mwangu, na afisa wa mpakani akaacha kazi yake kumpapasa. Nilipomfikisha nyumbani, Shangazi yangu Hajati alisimama kwenye kizingiti akasema: "Mbwa wa kulinda dini haikatazi. Lakini mlango huu asiuvuke, na wewe ukitoka kwake usiniguse." Basi Tausi akakaa Masese, nami nikahamia huko kulala karibu naye.

Fedha ziliishia hapo. Banda halikuwa na paa, mbwa anakula kila siku, na dume sikuwa naye. Katika kazi yetu kuna desturi, mwanangu, na wewe utakutana nayo kama hujakutana nayo tayari: asiye na fedha hulipa kwa watoto. Mwenye dume humpa jike wako dume wake, naye huchagua mtoto wakiwa wamezaliwa. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya ni pale nilipoigeuza desturi hiyo kuwa benki. Mzee Mugoya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinipa mabati na wavu wa uzio kwa ahadi ya watoto. Mama Nabirye wa mwaloni alinipa mukene, dagaa wa ziwani, na vichwa vya sangara kila asubuhi kwa ahadi ya mtoto. Na Mbale kulikuwa na askari mstaafu, Afande Ramadhani, mwenye dume zuri kuliko wote niliowaona mashariki yote. Naye nikamwahidi. Tausi alikuwa bado hajaingia joto hata mara moja, na watoto wake tayari walikuwa na wenyewe.

Joto la kwanza lilipofika nilimpandisha papo hapo, kwa dume la Afande. Hakuwa hata na mwaka. Diploma yangu ilinifundisha kwamba jike wa umri huo bado anajijenga mifupa, na kwamba anayemzalisha anamnyang'anya mwili ambao hajamaliza kuupata. Hayo niliyajua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilisema huyu ana nguvu, huyu ni wa Nairobi.

Alizaa vizuri. Watoto walikuwa wanono, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mwenye hoteli moja kando ya Nile alikuja na fedha taslimu, akaniita daktari mbele ya dereva wake, na mimi nikamuuzia watoto wa watu. Nilijisemea kuwa wanaonidai watangoja mzao unaofuata. Niliwaza kuhusu kungoja kwao. Kungoja kwa Tausi sikukuwaza.

Mzao wa pili ulitokana na joto lililofuata, kwa dume lilelile, bila kuruka hata moja. Ugonjwa wa kuhara damu uliingia bandani. Chanjo nilikuwa nimeichelewesha kwa sababu fedha ya hoteli niliimalizia kwenye geti la chuma lenye jina langu. Watoto waliisha mmoja baada ya mwingine. Tausi aliwalamba hata walipokuwa wameshapoa, nami nikawa nawatoa chini ya mdomo wake.

Mwaloni habari haikai. Mama Nabirye alikuwa mwanamke wa utani, na utani wake ulikuwa na miiba.

"Ssebo, bwana wangu," aliniambia huku akinipimia mukene, "mimi nalisha mbwa au nalisha diploma?"

"Mtoto wako utampata, Mama."

"Nitampata nikiwa na meno?"

Wanawake wenzake walicheka mpaka wakaweka karai chini. Alikuwa anatania tu. Leo najua alikuwa anatania tu, maana hakuacha kunipimia, na siku zote aliongeza kiganja kimoja juu ya kipimo. Lakini mimi nilisikia sauti ya kibaraza cha fundi saa. Nilisikia yule akisema hata mmoja hatauza. Nikaamua kwamba joto litakalofuata nitawalipa wote kwa mkupuo, kwa gharama yoyote.

Wapo wataalamu, mwanangu, wanaosema kumpandisha jike mara mbili mfululizo si kosa, iwapo amekomaa, amerudisha mwili, na daktari amempima akaridhika. Mimi niliichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo nikaenda nayo mitaani. Nusu ya pili niliiacha kitabuni. Tausi alikuwa anahesabika mbavu. Manyoya yalimtoka nyuma ya mapaja. Nikiita jina lake alikuja, lakini alikuja akitembea.

Nilipofika Mbale na pikapu ya kukodi, Afande Ramadhani mwenyewe alitoka getini. Alikuwa mtu mrefu, mzito wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alimtazama Tausi nyuma ya gari. Kisha akalifunga geti nyuma yake, akasimama kulizuia.

"Hii mbwa si ilikuja hapa juzi?"

"Ni joto jingine, Afande."

"Rudisha nyumbani. Mimi hapana dai wewe. Ikipumzika mwaka mzima, ikinenepa, leta. Dume iko, haiendi mahali."

Ungeweza kupewa neno jema kuliko hilo? Mdai wangu mkubwa ananiambia hadai. Mimi nilisikia dharau. Nilidhani ananiona maskini, ananihurumia kama wanavyohurumia watoto wa Jinja waliorudi mikono mitupu.

"Afande," nilimwambia, "wewe ulisomea bunduki. Mimi nimesomea wanyama."

Hakukasirika. Alimnyoshea Tausi kidole.

"Basi soma hii," akasema, akaingia ndani.

Sikusoma. Badala ya kurudi na barabara ya Tirinyi, nilishika ya Tororo. Busiu kulikuwa na mfanyabiashara wa mahindi mwenye dume kubwa la kulinda ghala, baba yake hajulikani vizuri, lakini meno yalikuwepo. Huyo naye nikamwahidi mtoto. Tausi alisimama kwenye makapi ya mahindi akiwa ameinamisha kichwa, mimi nikamshika ukosi ili asikae chini. Nimefanya mambo mengi maishani ambayo najivunia. Mkono ule sijivunii.

Alizaa watoto saba, na wote walikuwa hai. Nilitembea mwaloni kama mwenye harusi. Mama Nabirye nilimwambia aandae kamba. Nilikwenda mpaka kwenye kibaraza cha fundi saa, bila kuulizwa, nikataja hesabu ya watoto.

Mwili wa jike hutengeneza maziwa kwa madini yake mwenyewe, kutoka mifupani na damuni. Akiwa hana akiba, maziwa yanachukua yale ya kuendeshea misuli na moyo. Hilo pia limo kwenye diploma. Siku moja baada ya adhuhuri, watoto wakiwa na majuma matatu, nilimkuta Tausi anahema mdomo wazi na miguu imekakamaa, misuli inatetemeka kama mtu mwenye homa kali. Nilijua ni nini kabla sijapiga magoti. Dawa yake ni sindano ya kalsiamu, tena ya haraka, na banda lenye geti la chuma na jina la mwenyewe halikuwa na chupa hata moja. Nilimpigia daktari wa mifugo, akasema yuko Iganga, anageuza. Niliwatoa watoto, wakarudi. Niliwatoa tena, wakatambaa tena chini ya tumbo lake. Alipokata roho wawili walikuwa bado wananyonya, na kwa muda kidogo hawakujua. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Walioninusuria watoto wale ni watu niliowaona adui zangu. Mama Nabirye alileta chupa ya mjukuu wake. Na kila asubuhi nilikuta birika la maziwa ya mbuzi limewekwa nje ya geti, limefunikwa kwa kitambaa. Shangazi Hajati alikuwa akitoka mjini kwa boda kuja kulileta. Hakuingia ndani hata mara moja. Siku niliyomkuta alisema, akitazama ziwani wala si mimi: "Mimi nimezaa watoto wanane. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimepumzika. Wewe ulikuwa na cheti cha kuuliza."

Mwanangu, sasa shika ninayokuambia. Joto la kwanza liache lipite, na la pili ni heri lipite pia. Jike afike miaka miwili, daktari ampime, ndipo uanze kufikiria dume. Akishazaa, joto linalofuata mfungie ndani, maana madume ya mtaa hayaombi ruhusa, na wewe ujishike mwenyewe zaidi ya unavyomshika yeye. Mzao mmoja kwa mwaka ni mwingi wa kutosha, na kama mwili haujarudi, ngoja mwaka na nusu. Usimtazame tumboni kujua kama yuko tayari. Mtazame mgongoni, na manyoya, na namna anavyokuja ukimwita. Mizao mitatu katika maisha yake inatosha, minne ni ya jike mwenye afya ya ajabu, na akifika miaka mitano au sita mfunge kizazi, akae mlangoni kwako azeeke. Na mtoto ambaye hajazaliwa usimwahidi mtu. Ukimwahidi, si wewe utakayezaa.

Nililipa. Wale waliosema sitaweza waandike hilo. Watoto walipotimiza miezi miwili niliwachanja wote, nikawapakia kwenye sanduku lenye nyasi, nikazunguka kwa siku moja. Mzee Mugoya alipokea wake watatu dukani, akapiga meza na kusema mimi ni mwanaume wa kweli. Mama Nabirye alimfunga wake kwenye kanga mgongoni, na safari hii hakutania. Wa Busiu alichagua aliyefanana na dume lake. Mwisho nilifika Mbale jua likiwa bado juu, na sandukuni wamebaki wawili, dume na jike. Hawakuwa damu ya dume lake, lakini deni la mzao wa kwanza lilikuwa lake.

Afande Ramadhani aliwatazama. Akaniuliza, "Mama yao?"

Nikamwambia.

Alichuchumaa kando ya sanduku. Kisha akamwinua yule jike, aliyekuwa na miguu ya rangi ya mchanga.

"Hii nitachukua, sababu nyumbani kwako haina usalama," akasema. "Ile nyingine uza, lipa daktari. Mimi na wewe tumemaliza."

Nilirudi Jinja sidaiwi na mtu yeyote, kutoka Malaba mpaka mtoni. Nilifungua geti lenye jina langu, na hakuna aliyekuja, wala mbio wala kwa kutembea. Nikalala bandani siku ile.

Leo nina majike wawili, na kila mmoja nimeshaacha joto lake lipite mara mbili huku wateja wakinuna. Wanune tu. Mwanangu, Mungu akupe moyo wa kuwaambia watu wangoje. Akupe wadai wapole, na masikio ya kuwasikia. Jike wako wa Nakaloke umwite jioni hii, na Mungu ajalie aje mbio.