Nilijifanya Najua Njia ya Pwani, Mwenzangu Akavunjika Mguu

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, wala msiseme ni bahari. Bahari haikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi!

Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kutunza wazee hapa Sydney. Kabla ya kuja huku niliishi Uingereza miaka kadhaa nikifanya kazi hiyohiyo. Kule nilimtunza bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa mtembezi hodari ujanani. Nikiwa namkanda miguu alikuwa akinisimulia alivyoivuka nchi na mkoba mgongoni: vilima vya kondoo, matope, mvua ya kupiga ubavuni, kulala kwenye mabanda ya wakulima, mpaka anatokea baharini upande wa pili.

Na mimi je? Nilimsukuma tu kwenye kiti chake cha magurudumu siku tulizopelekwa ufukweni kwa basi. Tulikula chipsi zenye siki tukiwa tumejifunika blanketi, upepo unatuchapa, kisha tukarudi. Huo ndio utalii wangu wote!

Nilipofika Sydney sikuwa na mtu. Jumapili moja baada ya ibada, pale kanisani kwetu mtaa wa Auburn, kina mama walikuwa wanakunywa chai na kila mmoja ana la kusimulia. Nikajiuliza, nitanyamaza hadi lini? Nikaisimulia safari ya yule bibi, ila kila penye "yeye" nikaweka "mimi". Jameni, walivyotulia kunisikiliza! Tangu siku hiyo nami nikawa mtu.

Sasa Wanjiru, nesi wa hapohapo kanisani anayeishi Parramatta, akaleta wazo: twende tutembee ile njia ya pwani kusini mwa jiji, siku mbili, tulale kwenye mahema. "Kiongozi tunaye," akasema, akaninyooshea kidole.

Mama Furaha akacheka kwa furaha. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, alikuwa akifanya kazi kwenye ghala, kutwa nzima amesimama anapakia maboksi. Ndiye aliyenipokea kanisani nikiwa mgeni, na nilipougua homa alinipikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, akaniletea hadi kitandani.

"Tukiwa na weye, dada, mi siogope," akaniambia.

Ningesema ukweli hapo, tungecheka yakaisha. Sikusema!

Tulikwenda watatu. Asubuhi ilikuwa raha tupu, tunaimba, tunapiga picha. Alasiri miguu ikaanza kugoma. Njia ikapanda genge la kando ya bahari, kila tukidhani tumefika juu kunatokea mwinuko mwingine, na Mama Furaha alikuwa anahema vibaya. Nikatazama chini nikaona mawe mapana, bapa kama sakafu, yanaizunguka rasi.

"Tupite chini," nikasema. "Ni karibu zaidi."

Wanjiru akasita. "Si kile kibao cha pale tulipoanzia kimesema tusitoke kwenye njia?"

"Uingereza tulikuwa tunapita hivi kila siku."

Mama Furaha aliyatazama yale mawe kwa muda. "Dada, mawe ile iko na maji juu yake. Unajua kweli?"

"Mama, kati yangu na wewe, nani amezoea mambo haya?"

Mungu anisamehe! Akanifuata.

Tulipofika katikati ya rasi, wimbi likatulowesha viatu. Tukacheka. Lililofuata lilikuja bila kelele, likanipiga kiunoni, nikakumbatia jiwe. Kugeuka, Mama Furaha hayupo! Wimbi lilikuwa limemburuta hadi kwenye ufa, mguu umenasa kati ya mawe, anapiga mayowe kwa lugha ya kwao.

Wanjiru na mimi tulimnasua, tukamkokota mpaka kwenye kijukwaa chembamba chini ya genge. Mguu ulikuwa umegeukia upande usio wake. Simu hazina mtandao! Wanjiru akatupa mkoba wake, akarudi mbio tulikotoka kabla maji hayajaziba, akatafute msaada juu.

Tukabaki wawili. Nyuma kumejaa, mbele kumejaa, na maji bado yanapanda.

"Dada," akaniita, meno yanagongana. "Kule Uingereza, maji ikifika hivi, mulikuwa munafanya namna gani?"

Alikuwa ananiuliza kwa imani!

"Mama, sijawahi kutembea Uingereza. Zile hadithi ni za bibi niliyekuwa nikimtunza."

Alinitazama. Afadhali angenitukana! Alisema tu, "Basi, nishike nguvu."

Nikamshika. Kila wimbi lilipokuja nilimkumbatia, nikaligeuzia mgongo wangu. Sijui tulikaa muda gani. Helikopta ilipotokea sikuwa tena na hisia vidoleni.

Tulipona. Mguu wake ukatiwa vyuma. Kule ghalani hawakumsubiri, wakamweka mtu mwingine.

Mnadhani nilikuwa nimejifunza? Wapi! Alipotoka hospitali kanisa likafanya ibada ya shukrani. Wanjiru alikuwa ameona kutoka juu ya genge nilivyomkinga mwenzangu, akamwambia mchungaji, naye akawasimulia waumini wote. Watu wakasimama, makofi, vigelegele! Nikaitwa mbele, nikapewa kipaza sauti.

Mama Furaha alikuwa benchi la kwanza, magongo yake kando. Hakupiga makofi. Alinikazia macho, ananisubiri. Alijua kila kitu na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja. Alikuwa ameniachia niseme mwenyewe.

Nikasema, "Asanteni, utukufu ni kwa Mungu." Nikarudi kukaa.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea chakula kwake. Alifungua mlango nusu.

"Ile ya mawe nilikusamehe palepale ku maji," akasema. "Ile ya kanisa, ntasamehe pia, Mungu akinisaidia. Lakini kukufuata tena, dada, hapana. Hata ku duka."

Akaufunga mlango polepole, wala hakuubamiza. Nililia kwenye ngazi na sufuria langu mkononi.

Wanjiru nilimweleza ukweli juzi. Tangu hapo hapokei simu zangu. Mchungaji bado, nguvu sijapata.

Nyinyi mnaosoma, hasa mlio ugenini ambako hakuna anayeijua jana yenu: kuvaa safari ya mtu mwingine ni rahisi mno, na watu watakushangilia. Lakini ipo siku watakufuata! Ukiulizwa kama unajua njia na huijui, sema huijui. Utaona haya kidogo, chai itaendelea kunywewa. Mimi niliikimbia aibu ndogo ya mezani, na sasa kila Jumapili natafuta kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nitoke kabla Mama Furaha hajainuka na magongo yake.