Nilimpunguzia Mtoto Wangu Mwaka, Sasa Kigari Kitanitobolea Siri

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Mowlem, Nairobi, chumba kimoja cha kupanga. Shule niliachia darasa la sita kwetu magharibi, kwa hivyo mkiona mahali nimekosea kuandika mniwie radhi. Nimemwomba mhariri wa ukurasa huu asiandike jina langu wala la ploti ninayopanga. La mtoto nimeliacha. Kina Nekesa huku Eastlands ni wengi, hamtajua ni yupi.

Nekesa ndiye mtoto wangu wa pekee. Alipozaliwa alikawia kulia, na tangu hapo kila kitu chake kimekawia. Ana mwaka mmoja na miezi kumi, na bado hajaketi mwenyewe. Nikimkalisha anaanguka upande kama gunia lisilojaa. Lakini anacheka, anamjua baba yake kwa sauti ya viatu tu, na ukimwimbia anakuitikia.

Tulikuwa tunakaa Dandora. Kule walimwona akizaliwa, kwa hivyo walianza kumhesabia miezi. Mara nisikie ni macho ya watu, mara ni kitu nilikula nikiwa na mimba, mara nikizaa wengine nao watakuwa hivyo. Mume wangu alichoka na hayo maneno, tukahama miezi miwili iliyopita. Siku ya kuhama, tukiwa tunafunga vyombo, akaniambia, "Mama Nekesa, huko hakuna anayetujua. Sema ana miezi minane. Akianza kutembea nani atakumbuka?"

Mtoto mwenyewe ni mdogo wa mwili, nikaona itapita. Na kwa sababu Nekesa kwetu ni jina la aliyezaliwa wakati wa mavuno, hatungekata miezi kidogo kidogo, Waluhya wenzetu wangeshtuka. Ilibidi tukate mwaka mzima, ili jina lisitusute. Nikasema miezi minane. Mowlem wote wakaniamini, wakamwita mtoto mtulivu. Sasa wamama wa ploti wanataka kumwokea keki akifikisha mwaka, na mimi nacheka nao nikiwa nimekauka ndani.

Shida imekuja na kigari. Nekesa amelazwa mara mbili kwa kifua mwaka huu. Mara ya mwisho muuguzi alinikalisha chini akaniambia chakula kinaingia pahali pa pumzi kwa sababu namlisha akiwa amelala au amejikunja mapajani mwangu. Akasema nitafute kigari cha kusukuma chenye mgongo mgumu, akae wima akila, na asizubae mwaka mwingine mgongoni akitazama leso yangu.

Basi nikaenda soko la Gikomba na jirani yangu, Mama Brayo, aliyejitolea kunisaidia kuchagua. Tukapata mama mmoja wa makamo anayeuza vitu vya watoto vya mitumba. Alikuwa na vigari viwili. Kimoja cha buluu, chepesi, kinakunjwa kama mwavuli, kiti chake kitambaa kilicholegea. Kingine kizito, magurudumu makubwa, mgongo wa ubao, mikanda ya mabega na pa kuwekea miguu. Mama Brayo akashika kile cha buluu, akasema mtoto wa miezi kumi hicho kikubwa cha nini, si anakaribia kutembea.

Nikamfungua mtoto mgongoni. Nekesa akaanza kulia, akafungua mdomo wote. Yule mama akainama akamtazama, kisha akanigeukia polepole.

"Mama, mtoto wa miezi kumi hana magego. Niambie umri wa kweli nikupe kigari cha kweli."

Nilimwambia. Hapo hapo, mbele ya jirani yangu. Yule mama akamchukua Nekesa akamfunga kwenye kile kizito. Wasomaji wenzangu, mtoto wangu alikaa wima. Kilio kikakatika. Siku zote nikisimama yeye yuko mgongoni, simwoni. Siku hiyo nilisimama, naye yuko mbele yangu, tukaangaliana.

Mama Brayo hakunisema. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo alitamka, "Kumbe Nekesa ndiye mkubwa wa Brayo wangu." Brayo ana mwaka na miezi minne, anakimbia ploti nzima akiiba viatu vya watu. Mpaka leo sijui kama atanyamaza.

Jioni nikamweleza mume wangu. Msimdhanie vibaya. Ni yeye humkanda Nekesa miguu kwa mafuta ya moto kila akitoka kibarua, hata akiwa amechoka vipi. Lakini alibadilika uso. Akasema, "Hicho kikubwa si kigari, ni tangazo. Ukikipitisha langoni umenihamisha tena." Akanitaka nichukue cha buluu, kwa sababu mwezi ujao huenda mtoto akasimama. Amekuwa akisema mwezi ujao tangu Dandora.

Cha buluu nilikuwa nimekijaribu pia kule Gikomba. Nekesa alizama ndani, kidevu kikagusa kifua, akaanza kukohoa.

Yule mama wa Gikomba ameniwekea kile kizito hadi mwisho wa mwezi. Nikikileta bila ruhusa, nitakuwa nimemvunjia mume wangu heshima na kumwanika mbele ya watu. Nikileta cha buluu, nitaendelea kuogopa kila kijiko cha uji. Na ile keki inakuja, ya mwaka mmoja, kwa mtoto anayetimiza miwili. Nimechoka kumnyima mwaka wake. Aliupigania kuliko watoto wengi.

Nyinyi mliolea, na nyinyi mlioolewa na wanaume wenye hofu, niambieni kwa upole: niingie langoni na kigari kipi, na baba yake nimwanzeje?