Chaza wa Nyuma ya Uwanja wa Ndege

Kahaso alizaliwa Kaloleni, akaolewa Changamwe, na mumewe alipofariki akashika kazi ya kuvuna chaza na kuwauza. Maji yakipwa alikuwa akiingia mikokoni, nyuma ya uwanja wa ndege, akawabandua chaza kwenye mizizi kwa kisu. Na pale mikoko ilipokatwa kwa makaa, yeye na wenzake hupanda miche.

Asubuhi moja mwaka jana alikuta harufu ya choo imeishinda harufu ya tope. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka huko juu mtaani, na maji meusi yalikuwa yakiteremka mikokoni. Chaza walikuwa wameachama. Aliwagusa kwa kisu, hawakujifunga.

Wa jana aliwatoa papo hapo. Wengi aliwachemsha kabla ya kuwauza, lakini jirani yake, Gladys, aliwataka wabichi, awakamulie ndimu.

Aliacha beseni topeni akakimbia. Alipofika alimkuta Gladys chini kwenye mkeka, macho yamezama ndani, sauti imekauka. Mumewe, Musyoka, alikuwa akiita tuktuk. Alisema ni tumbo tu, labda maharagwe ya jana.

Kahaso hakutaja chaza. Mtaani kwao mtu aliwahi kupigwa mawe kwa dogo kuliko hili, naye alikuwa na Faith, bintiye, wa kumlea. Hata hivyo alipanda tuktuk pamoja nao, akampakata Gladys, na kila mgonjwa alipotapika akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake.

Zahanatini nesi aliuliza mgonjwa amekula nini. Musyoka akataja maharagwe.

"Alikula chaza wangu," Kahaso akasema. "Wabichi. Maji ya mikokoni yameingia choo."

Musyoka alimgeukia. Nesi alivaa glavu upesi, akamtenga Gladys chumba cha peke yake, akamtundikia maji. Akamwagiza Kahaso awatafute wote walionunua.

Alizunguka nyumba hata nyumba, akibisha na kujieleza. Wengine walimtukana. Hakuna mwingine aliyeugua.

Gladys alipona, ingawa alirudi nyumbani amekonda. Musyoka mpaka leo haitiki salamu ya Kahaso. Bomba lilizibwa, likapasuka tena mvua ziliponyesha.

Siku hizi Kahaso hufua nguo za watu. Miche bado anapanda, lakini chaza hawagusi. Na akisikia mtu anatapika ng'ambo ya ukuta, hutoka kwenda kuuliza ni nani.